Mama Friji na ukungu wa kioo cha mbele

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, fundi mwanamke amepiga magoti kwenye kiti cha dereva cha basi namba kumi na nne. Kichwa chake kinakaribia kugusa paa. Tochi ameiuma kwa meno, na kidole gumba chake cha kulia kinakandamiza kitu chenye ukubwa wa punje ya harage kwenye kioo cha mbele. Anahesabu polepole hadi thelathini ili gundi ishike.

Nje ya basi, yadi imelowa. Magari ishirini na mawili ya umeme yamepangwa mistari mitatu, na nyaya za kuchajia zimelala chini.

Kile kipunje mafundi wanakiita sensa ya unyevu. Kikihisi kwamba kioo kinakaribia kushika ukungu, kinaiamuru mashine ya joto ifungue hewa ya nje na kuikausha kabla dereva hajapoteza njia machoni. Bila hicho, dereva anabaki na kitambaa chake na bahati yake.

"Miezi minne iliyopita niling'oa ishirini na mbili kwa siku mbili," anasema, maneno yakitoka yamebanwa kwa sababu ya tochi. "Sasa nimeambiwa nirudishe zote ishirini na mbili kabla ya Jumatatu. Na nisiulize."

Anajua kwa nini hatakiwi kuuliza. Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Alhamisi ijayo kuna kesi. Basi namba tisa lilimgonga mfagiaji wa barabara, na dereva wake anashtakiwa kwa uzembe. Kila sensa inayorudi mahali pake inafuta alama ya kilichofanyika, na mkono unaofuta ni uleule uliofanya.

"Nisiporudisha, asubuhi hii hii mtu mwingine atavunjwa miguu. Nikirudisha, namzika yule dereva mzee," anasema. Anashuka kutoka kwenye kiti, anafuta magoti na kuelekea basi namba kumi na tano. "Sasa hebu niambie, mwenye akili anachagua lipi?"

Madereva wanamwita Mama Friji. Ana miaka arobaini na saba, na tangu akiwa na kumi na tisa amekuwa akifufua friji. Alifundishwa na mjomba wake ndani ya chumba kimoja chenye harufu ya gesi na mafuta ya kompresa. Kampuni ilipoleta mabasi ya umeme, ilitafuta mtu anayejua gesi na mabomba ya shaba. Mafundi wa dizeli waliangaliana. Yeye, aliyekuwa tayari msaidizi karakanani, akanyoosha mkono.

Utani ulianza siku ile ile. Dereva mmoja mfupi alimuuliza kama abiria sasa watawekwa kwenye jokofu. Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akamjibu, "Abiria sijui. Wewe utakaa kwenye droo ya mboga, ndiyo saizi yako." Jina likaganda.

Lakini mashine yenyewe haikuwa utani. Basi la dizeli lilikuwa tanuri lenye magurudumu. Injini ilitupa joto ovyo, na kilichotakiwa ni bomba tu la kulileta ndani. Mota ya umeme haina ukarimu huo. Joto la abiria linatoka kwenye betri ile ile inayozungusha magurudumu, na ukiwapasha watu moto umejipunguzia kilomita.

Ndiyo maana mabasi haya yana pampu ya joto. Mama Friji anaieleza kama jirani anayeeleza mapishi. "Weka mkono nyuma ya friji yako. Si kuna joto? Hilo limetolewa ndani, limetupwa nje. Sasa igeuze friji, ichukue joto la nje na kulitupa ndani. Hata hewa ya baridi ina joto lake. Unalikamua."

Mashine hiyo hiyo ndiyo inayokausha kioo. Hewa inapitishwa kwanza kwenye bomba la baridi, maji yanadondoka chini, kisha inapashwa moto na kupulizwa kwenye kioo ikiwa kavu. "Ukiona basi limesimama linadondosha maji, usikimbilie kusema linavuja," anasema. "Linafuta pumzi zenu."

Kampuni ilinunua mabasi ishirini na mawili na chaja sita. Hesabu hiyo isomwe mara mbili. Magari ishirini na mawili, chaja sita. Picha za uzinduzi zilipigwa, utepe ukakatwa, na ubavuni mwa kila basi pakaandikwa kwamba safari safi imefika. Waliokata utepe walirudi nyumbani kwa magari yao.

Njia kuu inapanda kilima, na kule juu kuna miezi mitano ya mvua nyembamba isiyokatika. Msimu wa baridi ulipoingia, mabasi matatu yaliishiwa chaji mlimani, abiria wakashuka wakatembea. Kilichohitajika kilikuwa wazi hata kwa aliyeishia darasa la pili. Lakini chaja zina bei, na meneja alikuwa ameahidi mahali fulani kwamba hataomba kitu tena mwaka huo.

Akashuka karakanani, viatu vinang'aa. Mama Friji anakumbuka neno kwa neno.

"Mama, hii mashine yako ya joto inakula chaji mno."

"Haili bure, bosi. Inakausha na kioo."

"Hakuna namna ya kubakiza joto lisitoke? Wewe si ndiye mtaalamu?"

Hapo, anasema, ndipo alipoteleza. Hakulazimishwa. Alifurahi kuulizwa. Miaka yote karakanani alikuwa mwanamke wa kushikishwa tochi na kupewa ushauri na vijana waliozaliwa yeye akiwa kazini. Leo meneja amesimama mbele yake anasubiri jibu.

Na jibu alilokuwa nalo lilikuwa la mtu wa friji. Mtu wa friji amefundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: funga mlango. Ulichokitengeneza kwa umeme usikiache kitoke. Kwenye dashibodi ya mabasi haya kuna kitufe chenye mchoro wa gari na mshale unaozunguka ndani yake. Ukikibonyeza, hewa ya nje inazuiwa, na ile ile ya ndani inazungushwa tena na tena. Joto halipotei.

Alijaribu yadini, asubuhi ya baridi, yeye na wafanyakazi wawili wa usafi wakiwa ndani na milango imefungwa. Matumizi ya chaji kwa ajili ya joto yalishuka karibu nusu. Kioo kilikuwa safi kama kimeoshwa. Meneja akampigia makofi kwa mikono yake mwenyewe.

Tatizo likabaki moja. Kila kitufe kilipobonyezwa njiani, baada ya muda sensa ilikifungua tena na kuwasha ukaushaji, na chaji ikaanza kuliwa upya. Meneja alisema, "Basi hiyo sensa itoe." Alilisema kwa mdomo. Hakuna karatasi. Watu wa aina yake hawaandiki wanapoamuru. Wanaandika wanapolaumu.

Mama Friji alizitoa zote. Kisha akawakusanya madereva na kuwafundisha: ukitoka yadini, bonyeza mshale, usiuguse tena hadi kituo cha mwisho. Barua ya pongezi ikabandikwa ubaoni, jina lake limeandikwa kwa herufi nene.

"Nilijaribu na watu watatu waliokauka," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kufanya kazi. "Basi linabeba watu hamsini waliolowa. Ndani ya friji hakuna mtu anayepumua. Hilo ndilo nililosahau. Miaka ishirini na nane ya kazi, nikasahau kwamba watu wanapumua."

Madereva waligundua wiki ile ile ya kwanza ya mvua. Mmoja alianza kutembea na kiazi kilichokatwa katikati, akisugua kioo kila kituo. Mwingine alipaka sabuni ya kipande, jua likichomoza kioo chote kinageuka maziwa. Walilalamika. Waliambiwa anayeona ukungu akapime macho.

Dereva wa basi namba tisa wanamwita Taratibu. Ana miaka hamsini na tisa, na ameendesha mabasi miaka thelathini na mmoja bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Wenzake walimcheka kwamba akiendesha, mwenye haraka anashuka na kutembea. Jumanne moja, saa moja kasoro asubuhi, mvua ikinyesha na basi limejaa hadi mlangoni, alikuwa anakata kona mkono wa kulia ukiwa kwenye usukani na wa kushoto ukifuta kioo kwa kitambaa. Ndani ya tundu alilolifuta hakumwona mtu. Mtu alikuwa pembeni ya tundu.

Mfagiaji alikuwa ameinama juu ya rundo la majani, amevaa kizibao cha njano kinachoonekana hata gizani. Miguu yake yote miwili ilivunjika, wa kushoto mahali pawili.

Kabla ya saa sita mchana taarifa ya kampuni ilikuwa tayari. Mfumo wa gari ni mzima. Dereva alifunga hewa kwa hiari yake. Uzembe.

Watu wa yadi hii hawana haja ya kusimuliwa. Mwaka ule breki zilipokuwa zinafungwa kwa waya, aliyefungwa ni dereva. Mwaka wa matairi yaliyochongwa upya kwa kisu ili yaonekane mapya, aliyefukuzwa ni dereva. Mwaka ambao mafeni ya joto ya mabasi ya dizeli yaling'olewa na kuuzwa, na basi likaingia mtaroni kwa ukungu huu huu, walioandamana hadi kwenye geti waliandikwa majina, na dereva akafa akiwa bado anaitwa mlevi ilhali hajawahi kuonja. Meneja wa enzi hizo alipandishwa cheo. Amestaafu, ana afya njema. Mabasi yamebadilika kutoka dizeli hadi umeme, lakini jumba bovu linamwangukia mtu yule yule.

Safari hii kuna karatasi moja tu inayokosekana. Ni maelezo ya fundi, yenye saini. Mama Friji aliitwa ofisini Ijumaa iliyopita. Anasema chumba kilikuwa na joto zuri.

"Saini tu, mama. Ni utaratibu."

"Umeandika mfumo ni mzima."

"Kwani si mzima? Nenda kautazame."

"Mzima leo. Namba tisa nimeitengeneza jana, kwa amri yako."

"Vizuri. Basi andika unachokiona leo."

"Na hii, kwamba dereva alifunga hewa kwa hiari yake?"

Meneja, anasema, alivuta droo akatoa nakala ya ile barua ya pongezi, akailaza mezani kwa utaratibu kama mtu anayetandika kitambaa. "Ukitaka tuseme nani aliwafundisha, tutasema. Humu kuna jina moja. Si langu."

Alimpa hadi Jumatano.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vioo vya madirisha. Mumewe alikuwa mwashi hadi alipoanguka kutoka kwenye jukwaa, na sasa mgongo wake unamruhusu kukaa saa moja, kisha alale. Mshahara wa karakana ndio unaolipa kodi na dawa, na kinachobaki hakijazi wiki. Binti yao wa miaka ishirini na minne anauza vocha na simu za mkono, na ndiye aliyekuwa mkali.

"Mama, saini. Yule mzee amebakiza miezi minane astaafu. Wewe una miaka kumi na mitatu."

"Kwa hiyo afungwe yeye kwa kuwa amekaribia mlango?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, mwanangu. Umelifunga kwa karatasi nzuri tu."

Mumewe alikuwa amelala akitazama dari. Aliuliza kitu kimoja: wakimfukuza, watamfukuza kabla au baada ya mwisho wa mwezi? Mkewe alipomwambia hajui, alisema, "Uliza. Ili nijue dawa ninywe nzima au nianze kugawa." Hakuwa anatania wala hakuwa analalamika. Alitaka kujipanga.

Jumamosi alikwenda hospitali. Hakuwa amepanga. Anasema miguu ilikata kona yenyewe. Mfagiaji, mwanamke wa makamo, amelala kitanda cha mwisho dirishani, miguu imening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito. Alimtazama mgeni, akatazama mikono yake iliyo mitupu.

"Wewe ni nani wangu?"

"Si ndugu yako. Mimi ni fundi wa yale mabasi."

"Ahaa. Umekuja kuniambia niseme nini?"

"Sijatumwa."

"Walikuja wawili juzi. Walisema nilikuwa katikati ya barabara. Mimi? Miaka tisa nafagia ile kona, katikati nikafagie nini?"

Mama Friji akamwambia. Kitufe, mshale, sensa, watu watatu waliokauka. Alidhani atafukuzwa au atatukanwa, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Mfagiaji aligeuza uso dirishani. Kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa.

"Kwa hiyo yule baba hakuniona kweli," akasema mwishowe. "Mimi nilimwona. Nilimwona anafuta kioo. Nikajisemea, ananipungia mkono. Nikampungia."

Hajaweza kulisahau hilo. Analirudia asubuhi hii akiwa ndani ya basi namba kumi na sita, sensa imelala kiganjani.

Jumapili akaenda kwa Taratibu. Alimkuta kwenye ngazi ya nyumba yake anapiga viatu rangi, viatu vya kazini, ingawa amesimamishwa kazi na hana pa kwenda. Alimweleza kwamba atasema ukweli mahakamani. Mzee hakuinua macho.

"Dada, usijitie kitanzi. Mimi nimeshaangukiwa. Ukija chini ya kifusi tutakuwa wawili, basi."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kile kitufe."

"Na mimi ndiye niliyekibonyeza. Nilikuwa naona kwamba sioni. Ningesimama."

"Ungesimama wangekuandika umechelewa."

"Wangeniandika," akakubali. Akaendelea kupiga viatu. "Si bora wangeniandika."

Aliondoka hajapewa ruhusa, na anasema hakuwa ameenda kuiomba.

Jana Jumatano ilikuwa siku ya mwisho aliyopewa kusaini. Hakusaini. Karatasi aliirudisha ofisini bila alama, na leo asubuhi mlinzi wa geti, ambaye humsalimia kila siku kwa kumuuliza habari za jokofu, amemfungulia bila neno. Ameruhusiwa kuingia kwa sababu sensa tisa zilikuwa zimebaki na hakuna mwingine anayejua kuzifunga. Anaamini Jumatatu jioni, wakaguzi wakishaondoka, unga wake utakuwa umemwagika. Hana karatasi ya kuthibitisha amri. Ana mdomo wake tu, dhidi ya kampuni yenye mawakili, na mdomo huo ukifunguka utamtaja yeye mwenyewe kwanza.

Saa kumi na mbili na robo, madereva wanaanza kuingia. Yule mfupi anapanda namba kumi na nne, anawasha, anakaa anatazama kioo. Kinaanza kushika ukungu pembeni, kisha ukungu unarudi nyuma taratibu kama unaogopa. Anafungua dirisha.

"Mama Friji, inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya kazi tangu siku ya kwanza," anamjibu.

Anapanga, akifukuzwa, kuirudisha kazi ya friji sebuleni. Mumewe amesema anaweza kukaa mezani saa moja moja akipokea wateja. Hilo haliongelei sana. Anaongea zaidi kuhusu Alhamisi ijayo, na jinsi ya kumweleza hakimu ambaye pengine hajawahi kukaa upande wa mbele wa basi. Amekuwa akijaribu maneno usiku, anayaacha. Kompresa, unyevu, mzunguko wa hewa. Anaona watu watasinzia.

Kwa hiyo ameamua hatasema mengi. Ameambiwa hakimu huyo huvaa miwani.

"Nitamwomba aivue aipumulie mara tatu, kisha aivae bila kuifuta," anasema, akikusanya bisibisi zake. "Halafu nitamwomba atazame mlangoni aniambie ni nani ameketi pale. Mfagiaji atakuwepo. Amesema wamlete hata kwa kiti cha magurudumu, atakuja, na atampungia mkono."